Inchi mbili nje ya mstari

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimechelewa kuandika na sababu naijua mwenyewe, nilikuwa na hasira. Sio ile ya kutupa sahani, ile nyingine ya kimya kimya, unaosha vyombo huku unamjibu mtu kichwani na kila ukimaliza unaanza upya kumjibu vizuri zaidi.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada mmoja wa kwaya aliandika kwenye grupu kwamba hela ya sare haijakaa sawa, na daftari la sare nalishika mimi. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, shilingi kwa shilingi. Ningeweza kumpigia simu tukayamaliza kwa dakika tano. Badala yake saa tano usiku nikapiga picha kurasa nne za daftari, nikaweka na risiti, nikaweka na meseji za miamala, nikamwaga zote kwenye grupu mbele ya watu wote, halafu chini nikaandika "nayo hiyo kweli itawaweka huru". Ndio, nilitumia neno la Mungu kama rungu. Watu wakaweka vidole gumba, nikalala nimeshinda. Jumatano dada hakuja mazoezini, na Jumapili kiti chake kilikuwa wazi.

Sasa katika siku hizo hizo za ushindi wangu nikawa nasoma habari za daktari mmoja wa Marekani, Robert Walter Johnson, wa mji wa Lynchburg, Virginia. Alikuwa mtu mweusi, daktari wa kutibu watu, na nyumbani kwake mtaa wa Pierce alikuwa na uwanja wa tenisi. Huo uwanja aliugeuza shule. Kila kiangazi alikusanya watoto weusi, wanalala kwake, wanakula kwake, kwa sababu enzi hizo za ubaguzi viwanja vizuri na mashindano makubwa vilikuwa vya weupe tu. Mwaka 1946 yeye na daktari mwenzake Hubert Eaton walimchukua binti anaitwa Althea Gibson wakamlea kimchezo, na mwaka 1957 huyo binti akachukua Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, mtu mweusi wa kwanza kuichukua, na 1958 akairudia. Kabla ya ushindi huo, mwaka 1953, daktari akaletewa kijana wa miaka kumi kutoka Richmond, mwembamba, mama yake alishafariki, jina lake Arthur Ashe.

Mafunzo yenyewe yalikuwa na mambo, wanapiga mpira kwa mpini wa fagio ili jicho lizoee, wanapalilia bustani, Ashe anasafisha banda la mbwa. Natamani nikae kwenye hilo banda la mbwa maana wengi wetu tunataka huduma ya madhabahuni na kufagia hatutaki, ila leo sio hilo lililonikamata.

Lililonikamata ni hili. Kwenye mashindano ya vijana mara nyingi hakuna mwamuzi wa mstari, wachezaji wenyewe ndio wanasema mpira umeingia au umetoka. Daktari Johnson akawaambia watoto wake: mpira wa mwenzako ukitoka nje inchi moja au mbili, wewe uhesabu umeingia. Mpe pointi. Usibishane na mwamuzi, usitupe raketi, na mkibadilishana pande okota mipira umkabidhi mwenzako mkononi kwa heshima.

Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Umeuona mpira umetoka, una uhakika, haki ni yako, halafu useme umeingia?

Na yeye hakuwa mjinga wala hakuwa anafundisha unyonge. Alijua wale watoto wakibishana hata mara moja, hata wakiwa na haki, wataambiwa mnaona hawa hawajui kukaa na watu, na mlango utafungwa kwa wote wanaokuja nyuma. Kwa hiyo akawafundisha wawe wazuri kiasi kwamba hizo inchi mbili hazitawaangusha. Hapo ndipo mimi nilipochomwa, maana mtu anayegombania kila inchi mara nyingi anaogopa kwamba bila hiyo inchi hana kitu. Nilimwaga zile risiti usiku ule kwa sababu niliogopa. Niliona jina langu likiguswa kidogo tu nimekwisha, kana kwamba jina langu linatunzwa na grupu la kwaya na sio na Bwana. Petro anasema kuhusu Yesu, "alipotukanwa, hakurudisha matukano", sawa hiyo tunaipenda, tunaiimba, lakini mstari unaendelea, "bali alijikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki". Yaani alinyamaza akijua kesi iko kwa nani. Mimi kesi niliisikiliza mwenyewe, nikatoa ushahidi mwenyewe, nikahukumu mwenyewe, kabla ya saa sita usiku.

Ngoja niseme kitu hapa kabla hamjanielewa vibaya, na nitasema kwa ukali kidogo mnisamehe. Kuna watu wanapenda sana mahubiri ya upole, wanapenda wayahubiri kwa wengine. Mama anapigwa nyumbani anaambiwa geuza shavu la pili. Kijana anadhulumiwa mshahara anaambiwa upole wenu na ujulikane na watu wote. Sio hivyo, na kama umewahi kumwambia mtu hivyo nenda katubu. Huyu daktari aliyewaambia watoto waachie inchi mbili ndiye huyo huyo aliyekwenda mwenyewe kwa waandaaji wa mashindano ya taifa ya shule za sekondari kudai watoto weusi waruhusiwe kucheza. Mwaka 1961 Ashe akayashinda hayo mashindano. Na Ashe huyo aliyefundishwa kutobishana alipokua hakunyamazia ubaguzi wa Afrika Kusini, mwaka 1985 alikamatwa na polisi Washington akiandamana nje ya ubalozi wao. Mtu alivumilia mpira wa nje akakataa kuvumilia lango lililofungwa.

Sisi tumegeuza. Kanisani tunagombania nani aongoze pambio, nani kakaa kiti cha mbele, nani hakutajwa kwenye shukrani, vikao vitatu vinaisha kwa hayo. Mwenzetu akidhulumiwa kweli kweli tunasema tumwachie Mungu. Hasira yote tunaimalizia kwenye inchi, tukifika langoni tumechoka. Mimi wa kwanza, niliyekuwa na nguvu ya kupiga picha kurasa nne saa tano usiku, na mwezi huo huo nilimwambia mjane mmoja anayesumbuliwa na mashemeji kuhusu nyumba yake kwamba "tutaomba". Nilimwambia nikaenda zangu. Sikumsindikiza hata kwa mwenyekiti wa mtaa.

Johnson alifariki mwaka 1971. Alishaona Ashe akichukua ubingwa wa tenisi wa Marekani, US Open, mwaka 1968, lakini Wimbledon aliyoichukua Ashe mwaka 1975 hakuiona. Mwaka 2009 wakamwingiza kwenye jumba la heshima la tenisi la kimataifa, yeye akiwa ameshalala miaka thelathini na nane. Mjini kwake nyumba ile imeorodheshwa kuwa ya kihistoria na uwanja ule umekarabatiwa. Nawaza kuhusu mwisho wake na nashindwa kujihurumia, maana mimi nilitaka nisafishwe jina kabla ya kulala, yeye alikubali kulala kwanza.

Na sijui kama inaonekana, ila naandika haya nikiwa bado kidogo ndani yangu nasema lakini si hesabu ilikuwa sawa? Ilikuwa sawa. Mpira ulitoka nje. Naendelea kuumeza.

Zile picha nimezifuta kwenye grupu, najua kila mtu alishaziona. Jumatano mazoezi ni saa kumi na moja. Nitatoka mapema nipitie kwa yule dada kwanza, sio kumweleza hesabu, daftari naliacha nyumbani. Alhamisi naenda na yule mama kwa mwenyekiti. Mniombee, hasa hiyo ya Jumatano, maana mdomo wangu mnaujua.