Lile kufuli lilikua picha

Jumapili usiku shangazi kanipigia saa nne inakaribia. Shangazi huwa hapigi usiku labda kuna msiba, kwa hiyo nimepokea nimeshasimama kabisa natafuta khanga. Anaongea kwa kunong'ona. "Mwanangu, simu yangu ina virusi 13." Nikamuuliza nani kakwambia. "Yenyewe inasema. Inaniandikia tangu Alhamisi."

Yaani tangu Alhamisi! Siku zote hizo kazima data, simu kaiweka chini ya mto, hela ya kikoba hajatuma maana anaogopa akigusa tu itachotwa. Na kabla sijamuelekeza chochote akaniomba kitu kimoja, nisimwambie binti yake, maana binti ndo kamnunulia hiyo simu.

Kuitengeneza ilikua dakika chache. Alipita kwenye tovuti moja ya mapishi, ikamuuliza kama anaruhusu arifa, akabonyeza Ruhusu kwa kudhani asiporuhusu ukurasa haufunguki, basi kuanzia hapo Chrome ikawa inamletea matangazo ya hiyo tovuti yakiwa yamevalishwa rangi nyekundu na alama ya hatari kama vile simu yenyewe ndo inaongea. Nikamwambia bonyeza vitone vitatu pale juu, Mipangilio, shuka mpaka Mipangilio ya tovuti, ingia Arifa, tukaikuta ile tovuti tukaizuia. Hakukua na kirusi hata kimoja. Nimemuomba ruhusa kuandika hili na kakubali, mradi binti yake asijue ni yeye (nina shangazi wengi, hatajua).

Ila sikulala vizuri. Ile "usimwambie" ilinirudisha Morogoro, mwanzoni mwa 2010, steshenari kwa kaka.

Tulikua na kompyuta nne, zote Windows XP, na modemu moja tunayoihamisha kama jiko la mkaa, leo ipo mashine hii kesho ile. Mkongo wa intaneti wa SEACOM, ule unaopita chini ya bahari, ulikua umeshafika Dar tangu Julai 2009 na watu wanausifia sana, lakini kwetu kule intaneti ilikua bado ya kuvizia, ukitaka kudaunlodi kitu unasubiri wateja wapungue. Wateja wetu wakubwa walikua wanafunzi wa chuo kikuu cha Sokoine, SUA, na tafiti zao, walimu, na watu wa barua za maombi ya kazi. Na Mwalimu. Mwalimu alikua mstaafu, amefundisha Kiswahili miaka na miaka, na mimi ndo nilikua namchapia notisi zake za marudio ya kidato cha nne, kurasa 83 kutoka kwenye madaftari ya mkono, mwandiko umenyooka kama umepigwa rula. Faili lilikua kwenye mashine namba mbili. Flashi yake ilikua imekufa wiki iliyotangulia na mimi, sijui nilikua nawaza nini, sikuweka nakala pengine popote.

Sasa asubuhi hiyo mwanafunzi mmoja kakaa mashine namba mbili anatafuta makala, ghafla ananiita, dada njoo uone. Ukurasa wa brauza umejichora kama ile My Computer ya XP, na kijimstari cha kijani kinatembea kinahesabu virusi. Ni ukurasa tu wa tovuti, picha inayotembea, lakini nani alijua. Kijana akawa anabonyeza Cancel, kinarudi, anabonyeza ule msalaba, kinarudi, maana vile vitufe vyote vilikua vinaelekea sehemu moja. Dawa ilikua Ctrl, Alt na Delete, unaiua brauza nzima, na ukiifungua tena Firefox inakuuliza kama ikurudishie kurasa ulizokua nazo, hapo unakataa, ukikubali tu inakurudishia na lile balaa. Hayo nimeyajua baadaye. Kijana akabonyeza OK.

Likaingia. Jina lake Antivirus Live. Kila unachofungua kinagoma, hata notepad, unaambiwa faili limeambukizwa, washa antivirusi yako kwanza. Word haifunguki. Task Manager haifunguki. Internet Explorer inafunguka lakini kila tovuti inaleta onyo kwamba ni hatari. Na pembeni kule chini kwenye saa kuna kingao kinatoa vipuvu vya maneno kila baada ya sekunde chache, na kila kipuvu kinakuelekeza kwenye kulipa. Dola 49.95.

Mwalimu akaingia saa tano. Shikamoo Mwalimu, marahaba mwanangu, vipi kazi yangu. Nikamueleza huku mikono inanitetemeka kwa sababu Jumatatu alitakiwa apeleke kwa mchapaji. Akavaa miwani, akainama kwenye skrini, akaangalia kwa utulivu kabisa akasema, "Aa, huyu namfahamu. Huyu ukimlipa ananyamaza."

Hiyo sentensi nilipaswa kuishika pale pale. Ilinipita.

Akatoa pochi, akatoa kadi yake ya benki, ile anayochukulia pensheni, ina nembo ya Visa. Akasema lipa, kazi iendelee, nyie vijana mtanirudishia pole pole au msinirudishie. Kaka hayupo, kaenda Dar kufuata karatasi. Dukani kuna kama watu sita, wengine wanasubiri fotokopi. Nikabonyeza pa kulipia, likafunguka dirisha zuri jeupe, limepangwa vizuri, jina, anuani, namba ya kadi. Mwalimu akaishika kadi karibu na macho akaanza kunisomea kwa sauti ya darasani, tarakimu nne nne, anatulia, nne nne, anatulia. Mimi naandika. Nilifika ya 12.

Kilichonisimamisha ni kufuli. Kaka alikua kanifundisha, siku ya kwanza kabisa aliponiweka pale, kwamba kabla hujaandika chochote cha siri tafuta kufuli, na usiliangalie tu, libonyeze, kufuli la kweli linajibu. Ukilibonyeza linakutajia hii tovuti ni ya nani na nani kaithibitisha. Na linakaa kwenye fremu ya brauza yenyewe, pale kwenye mstari wa anuani au chini kabisa kwa zile Explorer za zamani, sehemu ambayo ukurasa hauwezi kuchora. Sasa mimi naangalia hapa naona kufuli, la dhahabu, kubwa, linang'aa, lakini lipo katikati ya ukurasa pembeni ya neno Secure. Nikaangalia juu. Dirisha halina hata mstari wa anuani. Mwalimu ameshafika kwenye zile nne za mwisho, anasoma, nikamwambia subiri kidogo Mwalimu. Nikalibonyeza lile kufuli. Kimya. Nikabonyeza mara mbili, kimya. Nikabonyeza kwa kitufe cha kulia cha mausi, ikatoka ile menyu ya kuseivu picha.

Ilikua picha. Mtu kachora kufuli akalibandika kwenye ukurasa kama unavyobandika kalenda ukutani.

Mpaka leo nikikumbuka ile menyu ikifunguka mwili unanisisimka. Kidole changu kilikua bado kwenye kibodi, tarakimu 12 zinanitazama, sikumbuki kama nilizifuta moja moja au nilichomoa waya wa umeme kwanza, nadhani nilichomoa. Na nikapiga kelele. Kwa furaha kabisa, nilikua na miaka 22, niliona nimemuokoa. "Mwalimu, hawa ni wezi! Hii sio antivirusi, hii ndo yenyewe kirusi! Aliyewahi kuwalipa hawa kaibiwa!"

Duka zima likageuka. Wanafunzi wawili wakacheka, kuna mmoja akasema kuna watu wanaliwa kweli. Mwalimu akairudisha kadi kwenye pochi, pole pole, akaifunga na ile raba yake. Akasema, "Kwa hiyo aliyelipa kaibiwa." Nikasema ndiyo Mwalimu, kabisa. Akasema haya mwanangu, akatoka.

Faili lake lilipona, hilo niseme mapema. Jioni kaka alinielekeza kwa simu, vocha zikaisha mara tatu. Unawasha ukipiga piga F8 mpaka ije ile orodha nyeusi, unachagua Safe Mode yenye mtandao. Unaingia Internet Options, Connections, LAN Settings, pale tukakuta brauza imeelekezwa kwenye proksi ya 127.0.0.1, yaani kompyuta inajitumia maombi yenyewe na lile jambazi limekaa katikati linaamua uone nini, tukaondoa tiki. Alafu unashusha Rkill, programu ndogo ya kuzima virusi, ikiwa imepewa jina la iExplore, kwa sababu lile dude lilikua linaua kila programu isipokua yenye majina machache linayoyahitaji, unaitumia kulilaza usingizi, usiwashe upya, unaweka Malwarebytes, ya kufagia virusi, ambayo ilikua megabaiti kama tano tu lakini kwa modemu ile tulisubiri mpaka nikala. Ikapekua zaidi ya saa moja. Programu ya lile jambazi tuliikuta kwenye folda ya mtumiaji, ina jina la herufi zisizosomeka linaloishia na sysguard. Nikafungua Word. Kurasa 83 zote zipo. Nililia kidogo, sio siri.

Kesho yake nikasubiri Mwalimu aje nimpe habari njema. Hakuja mchana. Alikuja jua limeshazama, kaka amerudi lakini yupo nyuma anapanga mizigo, mimi nimeshashusha mlango nusu. Akainama akapita chini. Amebeba kitu kwenye mfuko wa salfeti, kikubwa, kimefungwa kwa kamba, amekibeba kifuani kama mtoto. Akakiweka mezani akafungua. CPU. Ya nyumbani kwake.

Ndo hapo ile sentensi ikanirudia. Huyu namfahamu. Huyu ukimlipa ananyamaza.

Hakunielezea kwa mpangilio, nimeunganisha mwenyewe. Binti yake alikua Uingereza, anafanya kazi ya kutunza wazee, ndo alimtumia hiyo kompyuta. Desemba lile onyo likamtokea Mwalimu, akaogopa kwamba kaharibu zawadi, akampigia binti, binti naye akaogopa kwa ajili ya baba, akalipa kwa kadi yake kutoka kule. Kwa hela ya wakati ule ni zaidi ya shilingi 60,000. Maonyo yakanyamaza kweli. Kila wiki binti akipiga anauliza, baba ile antivirusi inafanya kazi?

Nimekuja kusoma baadaye kwamba tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilikua imeshawapeleka mahakamani watu wa biashara hiyo hiyo tangu Desemba 2008, zaidi ya watu milioni moja walikua wameshauziwa hizo antivirusi hewa, na 2012 mshitakiwa mmoja akaamriwa alipe dola milioni 163. Sijui kama wa kwetu walikua ni hao au wengine. Nikisoma zile namba namuona Mwalimu na mfuko wa salfeti. Alitembea nao kutoka Kihonda gizani ili asikutane na mtu wa kumuuliza umebeba nini. Jana yake asingefanya hivyo. Jana yake angekuja mchana na bodaboda, angenisalimia mlangoni kwa sauti. Nilichosema kilikua kweli tupu na ningekisema tena, ila najiuliza kwanini nilikisema kwa sauti ile, mbele ya watoto wanaocheka. Wezi wale walikula kwa kutumia hofu ya wazee wetu, na mimi nikaongezea aibu juu yake, na sijui kipi kilimuuma zaidi.

Jumapili shangazi aliniuliza, sasa nitajuaje nyingine ikija? Mdomo ukanifunguka nimwambie tafuta kufuli. Lakini kufuli lenyewe Chrome wameshaliondoa tangu 2023, wakaweka kialama cha mipangilio, kwa sababu watu walikua wanaamini lenye kufuli ni salama wakati siku hizi hata matapeli wanalipata la kweli. Nikamwambia ukiona kitu kinakutisha na kinakuharakisha, nipigie, saa yoyote. Akasema hata usiku? Hata usiku, shangazi.

Ile CPU niliisafisha mpaka saa tatu usiku. Lile dude nikalitoa na kingao chake, nikamwekea antivirusi ya kweli, Avira ya bure, ile yenye mwavuli mwekundu, nikamuonesha inavyojisasisha. Kaka alileta chai akaondoka bila kuuliza, namshukuru mpaka leo. Wakati nafunga nati simu ya Mwalimu ikaita, namba ndefu ya nje. Akaitoa, akaitazama, akapokea.

"Marahaba mama. Sijambo. Ndiyo, naitumia." Akatulia anasikiliza. "Ile antivirusi? Ipo. Inafanya kazi vizuri kabisa."

Akanitazama juu ya miwani. Nikaitikia kwa kichwa.