Masika inakuja: naipanga pikipiki mapema, na hela inaenda wapi kwanza

Mwezi wa pili huku kwetu Morogoro ni jua na vumbi tu, na ndo mwezi ambao watu hawafikirii kabisa habari za service mana pikipiki inawaka, inatembea, sasa shida iko wapi. Mi ndo mwezi wangu wa gereji. Masika ikishashika, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, fundi anakuwa na foleni ya watu waliokwama, kila mtu ana haraka, alafu we mwenyewe huna hamu ya kuchuchumaa kwenye tope unafungua tairi huku unanyeshewa. Kwaiyo nafanya sa hivi, kivulini, taratibu.

Chombo chenyewe ni mchina cc 150, injini ile ya fimbo. Watu wanaidharau lakini asili yake ni Honda CG125, Honda waliitoa 1976 wakiwa wanajua kabisa kuna nchi watu hawagusi injini mpaka ife, wakaitengeneza hivyo hivyo iweze kuvumilia. Haina taiming cheni, kamshafti iko chini inazungushwa na gia alafu fimbo mbili zinapanda juu kusukuma valvu. Wachina wakaichukua wakaifyatua mpaka basi, ndo mana spea zake unazipata hata kijijini, dukani kwa mtu anaeuza sukari na misumari.

Njia yangu ni Mzumbe kwenda Mgeta, wikiendi nyingi napanda mpaka Nyandira kwenye mboga. Ukiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga unaanza kuupanda Uluguru, na ule udongo mwekundu ukilowa hauna urafiki na mtu. Kwaiyo hii plani yangu ni ya mtu wa mlima na tope, wewe wa lami ya Dar utapunguza baadhi ya vitu.

Nimetenga laki mbili. Na msimamo wangu uko hivi: hela ya kwanza inaenda kwenye kinachogusa ardhi na kinachokusimamisha, ya pili inaenda kuzuia maji, nguvu inafuata, urembo ukikosa hela ukose tu. Naona vijana wananunua redio na taa za rangi wakati tairi ya nyuma imebaki kipara, masika inawakuta hivyo hivyo na muziki wao.

Tuanze na tairi basi. Nyuma nafunga kashata, zile za vipande vipande, saizi yangu 3.00-18. Mbele sifungi kashata. Najua kuna watakaobisha, ila mi nina kilomita kadhaa za lami kabla sijafika kwenye udongo, na kashata kwenye lami iliyolowa inateleza vibaya mana kinachogusa barabara ni vile vipande tu, na ya mbele ikiteleza huna muda wa kufanya chochote, unakuwa ushalala chini. Mbele naweka 2.75-18 ya mistari ya kawaida ila mpya. Upepo mbele nakaa kwenye PSI 25, nyuma 28 nikiwa peke yangu na 32 nikiwa na mzigo, na muuza upepo ukimwachia mwenyewe atakujazia mpaka tairi inakuwa ngumu kama anakufanyia hisani, mwambie asimame, kanunue kigeji chako kidogo ukiweke mfukoni.

Breki. Zangu zote mbili ni za drumu. Drumu ikiingia maji breki inapotea, unakanyaga na haikamati, hilo halina dawa zaidi ya kuburuza breki kidogo kidogo ukishatoka kwenye maji mpaka ikauke. Lakini shuu zikiwa zimeisha au zimekuwa na kioo juu, mambo yanakuwa mabaya mara mbili. Angalia ule mkono wa breki pale kwenye drumu, nyingi zina kishale kidogo, ukikanyaga breki mpaka mwisho kishale kikifika kwenye alama ujue shuu zimekwisha hata kama bado inasimama. Na mwambie fundi atoe ile kemu inayotanua shuu, aisafishe na apake grisi kidogo sana, mana vumbi la kiangazi linaifanya iwe nzito na breki inabaki imeshika, drumu inachemka. Juzi nilivyompelekea akaniambia "kaka hizi shuu bado zinakula", nikamwambia fundi, zinakula leo kwenye vumbi, badilisha tu hizo ni hela ndogo. Akacheka akabadilisha.

Cheni na spoketi ndo sehemu yenye apgredi yangu kubwa ya mwaka huu, na ni ya bei rahisi kuliko apgredi zote. Nilikuwa na meno 15 mbele na 38 nyuma. Nashusha mbele iwe 14. Ukigawanya, 38 kwa 15 unapata 2.53, kwa 14 unapata 2.71, yani nguvu ya tairi inaongezeka kama asilimia 7 kwa kuondoa jino moja tu. Kwenye kona za kupanda Mgeta na gunia la kabichi nyuma hiyo asilimia 7 ni tofauti kati ya kubaki gia ya pili na kushuka ya kwanza huku tairi inachimba. Gharama yake ni kwamba kwenye lami injini italia zaidi kwa spidi ile ile na mafuta yatakula kidogo zaidi, mi nimekubali. Spidomita haidanganyi mana kwenye hizi inasoma kutoka tairi ya mbele. Ila usifunge spoketi mpya kwenye cheni iliyochoka, zitakulana, nunua seti nzima ya saizi 428, cheni na spoketi zake, alafu kaza ibaki na mchezo wa sentimita 2 hivi, watu wengi wanaikaza mpaka inalia na beringi ya nyuma inakufa kabla ya siku zake.

Kulainisha cheni, oili chafu mi siipendi. Najua ni ya bure na kila mtu anaipaka. Inarukia rimu, inakamata mchanga, na mchanga ukikaa kwenye oili unasaga cheni taratibu. Gia oili namba 90 kidogo kwa brashi, jioni cheni ikiwa ya moto, asubuhi unafuta ya juu, basi.

Sasa maji. Hapa ndo pikipiki nyingi zinakufa masika na fundi anaambiwa "imezima tu yenyewe". Haijazima yenyewe. Fungua ile skrubu ya chini ya kabureta, weka chupa ya maji iliyokatwa kwa chini, acha petroli itoke. Petroli inakaa juu, maji yanabaki chini yakiwa matone ya duara yanayotembea ukitingisha chupa, na chembe za kutu nyekundu zimekaa pembeni yake. Ukiona hivyo usiende kubadilisha kabureta, nenda kwenye mfuniko wa tangi. Ule mpira wa ndani ya mfuniko ukikauka unapasuka, mvua inakaa juu ya tangi na kunyonywa kidogo kidogo. Mpira wenyewe unakatwa hata kwenye tyubu nene, japo petroli inaulainisha na itabidi urudie, bora mfuniko mzima ukiupata.

Alafu kofia ya plagi. Ivute, angalia kama ule mpira wake bado unabana. Ikiwa imelegea, siku ya mvua moto unarukia kwenye bodi badala ya kwenye plagi, utasikia inamisi misi hasa ukipita dimbwi. Plagi yenyewe naweka D8EA, gepu 0.6 mpaka 0.7. Soketi za waya zilizoko chini ya siti, pamoja na ile ya CDI, kile kiboksi kinachopanga moto wa plagi, nazitenganisha moja moja, nasafisha, napaka grisi nyepesi, narudisha. Ni kazi ya asubuhi moja na haina gharama, sielewi kwanini haifanywi, mi nadhani ni kwa sababu haionekani kwa macho.

Beringi za tairi. Ukinunua soma maandishi ya pembeni. Namba ikiishia na 2RS ina mpira pande zote mbili, ikiishia ZZ ina bati tu, na ile ya wazi kabisa hata usiiguse kwa safari za maji. Tofauti ya bei ni ndogo sana. Hapo hapo inua tairi ya mbele ibaki hewani, zungusha usukani taratibu kushoto na kulia, ukihisi katikati panakamata kama kuna kashimo, gololi za kwenye shingo zimechimba bakuli zake. Ya kwangu inakamata kidogo. Nazibadilisha, mana kwenye tope usukani unatakiwa ujitafutie njia wenyewe, usukani unaokamata katikati unakutupa.

Oili. Nangoja mwisho wa mwezi nibadilishe ili niingie masika na oili mpya, 20W50, na nyuma ya chupa lazima iandikwe JASO MA, ndo alama ya oili ya pikipiki zenye klachi kama hii. Oili ya gari usiweke hata kama mwenye duka anakuapia, klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, na oili nyingi za magari za siku hizi zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza unafikiri imeisha. Masika yenyewe uwe unafungua kijiti cha oili mara kwa mara, ukiikuta imegeuka rangi kama chai ya maziwa ujue maji yameshaingia, usiiwashe, mwaga.

Na kuna kitu kwenye hizi injini fundi wengi hawakiambii. Haina filta ya karatasi. Ina chujio la waya chini na ina kikombe kinachozunguka nyuma ya kava la klachi upande wa kulia, uchafu unatupwa pembeni unaganda humo ndani. Hakisafishwi mpaka ufungue kava, kwaiyo kwenye pikipiki nyingi hakijawahi kufunguliwa toka itoke kwenye boksi. Ununue na gasketi kabisa kabla hujaenda, usifungue alafu ndo uanze kutafuta gasketi mjini.

Fundi akiwa hapo aseti tapeti, yani ile nafasi ndogo ya juu ya valvu. Injini iwe ya baridi kabisa, alama ya T iwe juu, yani pistoni imefika juu kabisa, 0.08 milimita pande zote. Kuna mafundi wanapima kwa wembe, na kusema ukweli sio ujinga, wembe wa kawaida unene wake ni kama 0.1 hivi, unapata tapeti iliyolegea kidogo, inapiga kelele kidogo lakini valvu haiungui. Shida ni wale wanaobana mpaka kelele iishe kabisa. Injini ya fimbo ikiwa kimya kabisa mi naogopa.

Madigadi ya mbele nimeinyanyua. Ilikuwa imekaa karibu na tairi, ule udongo wa Mgeta unajaa katikati unakauka na tairi inagoma kuzunguka, umeona watu wanasukuma pikipiki mteremko, ndo hiyo. Fundi wa kuchomelea ameniwekea vyuma viwili virefu, alafu chini nimefunga kipande cha tyubu ya lori kishuke, kizuie tope lisirukie kichwa cha injini. Uzuri haina, mke wangu kasema inafanana na ya mzee wa kanisa, sawa.

Kilichobaki ni spoti za LED ambazo nazitamani toka mwaka jana mana ukungu wa kule juu jioni ni mzito. Mwaka huu hapana. Balbu ya taa kubwa ni wati 35, spoti mbili za wati 20 ni 40, yani naongeza taa kubwa nyingine nzima na zaidi juu ya jenereta ndogo na kibetri cha 12V. Nimepima chaji kwa mita, injini ikiwa na resi na taa imewashwa inasoma volti 13.9, sio mbaya, ila ikiwa sailensa, yani inawaka bila resi, inashuka na kule mlimani ndo muda mwingi naenda taratibu. Zikibaki hela mwezi wa sita nitanunua moja, sio mbili, ya wati ndogo, na ipite kwenye relei na fyuzi yake. Sa hivi naweka balbu mpya na kioo nimekisugua kwa dawa ya meno kinaonyesha vizuri.

Jumamosi ijayo ni kava la klachi na gololi. Siti iliyochanika itasubiri, nimeifunga mfuko wa mbolea.