Tulivyomsoma Ayubu wadini na mzee wa Mererani

Mwaka 2013 niliugua TB sugu. Sio ile TB ya kawaida unayomeza vidonge miezi 6 huku unaendelea na kazi zako, hii ni ile ambayo vidonge vya kawaida haivisikii kabisa, na kipindi kile Tanzania ukishaambiwa una TB sugu ujue unakusanya nguo unapelekwa Kibong'oto, kule Siha, mlimani Kilimanjaro. Hospitali ya siku nyingi ile, ipo toka 1926, na ndo huko walikoanza kutibu TB sugu mwaka 2009. Mi nilikua fundi simu Arusha, nina kibanda changu, nina mchumba, nina miaka 27, na kile kikohozi nilikua nakisingizia vumbi la Ngarenaro.

Vijana wanaotibiwa siku hizi sijui kama watanielewa. Wakati wetu ilikua sindano ya kanamaisini, wiki nzima unapumzika jumapili tu, miezi na miezi, mpaka unakosa upande wa kukalia. Halafu vidonge ngumi nzima, na hesabu yote mpaka umalize inakaribia miaka 2. Kuna kidonge kinaitwa sikloserini, hicho kinakuingia kichwani, jamaa mmoja wadini kwetu aliamka usiku akawa anafukuza ng'ombe ambao hawapo. Kuna kingine ukishameza unakaa na ndoo karibu. Na ile sindano ilikua inakula masikio, mi yangu yalianza kupiga mluzi mapema tu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilikuja kusema kanamaisini isitumike tena, nilivyosoma ile habari nilikaa nayo kidogo, sio kwa hasira, maana hiyohiyo sindano ndo ilinitoa kule, ila masikio yangu hayajarudi na mpaka leo ukiniita upande wa kushoto nakupita.

Sasa watu walikua wananitumia mistari. Nawashukuru kwa kweli, meseji zilikua nyingi, na karibu wote walinitumia ileile Yeremia 29:11, "mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho". Yani mtu unakohoa damu, usiku unaota jeneza, halafu simu inaita kumbe umeandikiwa habari za siku zako za mwisho. Najua mstari haumaanishi hivyo. Lakini we ungejisikiaje? Wengine Zaburi 23, wengine "yote yawezekana", nikawa nasoma najibu amina naweka simu chini, na hakuna kitu kinachobaki ndani.

Biblia nilikua nayo, mama ndo aliiweka chini kabisa ya begi, ile nyeusi ya Union Version, kingo nyekundu, amepiga mistari na kalamu ya bluu kila mahali. Sikuigusa. Nilianza na magazeti yaliyofungia mandazi, nikaja riwaya moja ya upelelezi niliyoikuta dirishani, nikaisoma kwa kasi mpaka nafika karibu na mwisho naona kurasa zimechanwa, mtu kazisokotea sigara, kwenye hospitali ya TB! Mpaka leo sijui nani alimuua yule tajiri. Ndo nikatoa Biblia, kiukweli kwa sababu hakukua na kingine cha kusoma.

Kitanda cha jirani yangu alikuepo mzee mmoja Mrangi wa Kondoa, muislamu, amechimba tanzanaiti Mererani toka ujana wake. Mwanaapolo hasa. Kwa wasiojua, mwanaapolo hana mshahara, anakula anachopikiwa na mwenye shimo na anasubiri jiwe litoke ndo agawiwe, na anaweza kusubiri miaka. Mapafu yake yalikua na TB lakini pia yalikua na vumbi la mawe, na hilo daktari alishamwambia halitoki. Macho yalikua hayaoni maandishi tena. Akaniona nasoma akaniuliza fundi unasoma nini hapo? Nikamwambia habari za Ayubu. Akasema aah, Nabii Ayubu huyo namjua, soma kwa sauti.

Nilikua nimeanzia kwa Ayubu sababu nilimkumbuka ana vidonda, basi. Nikasoma kwa sauti ndani ya maski, kila jioni baada ya chakula, umeme ukikatika namulika na kitochi. Sura mbili za kwanza mzee alikua anaitikia kwa kichwa, mali zimekwenda, watoto wamekufa, majipu kuanzia utosini mpaka nyayoni, ndio ndio ndivyo ilivyokua. Tulipofika sura ya 3, Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, mzee akanisimamisha.

"Fundi, huyu Ayubu gani?"

"Ndo huyohuyo mzee."

"Hapana. Ayubu ninayemjua mimi alikua na subira. Huyu mbona analalamika?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Haya soma, tuone ataadhibiwa saa ngapi."

Ikawa ndo mchezo wetu. Kila jioni mzee anasubiri Ayubu aadhibiwe kwa ule mdomo, na Ayubu kila jioni anazidisha. Mi huku nasoma na moyo unanienda mbio, maana sikuwahi kuambiwa kanisani kwamba haya maneno yamo. Kuna mahali anamuuliza Mungu mbona huniachi hata nikameza mate yangu. Mate! Sisi maisha yetu yote yalikua mate, unaamka unapewa kikopo uteme makohozi, yanapelekwa maabara kuoteshwa waonekane wadudu, unasubiri miezi majibu, jina lako ni makohozi yako. Na sura ya 19 pale anaposema ndugu zake wamekaa mbali na pumzi yake mkewe haitaki, hapo niliwaza nyumbani, maana mchumba wangu mara ya mwisho alikuja akasimama nje ya uzio kavaa maski mbili, akaongea na mimi kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya barabara, na baada ya hapo simu zikapungua zikaisha. Simlaumu. Lakini kumbe mtu alishayasema haya miaka elfu na elfu huko nyuma na wakayaweka kwenye kitabu kitakatifu bila kuyafuta.

Pamoja na hayo yote, nilikua nimeamua kutoroka. Nisieleweke vibaya, wale manesi walikua wanatuhudumia vizuri na hakuna aliyenifukuza. Nilichoka tu. Niliyemwachia kibanda alishaanza kuuza vifaa vyangu, masikio yanapiga mluzi, nikawaza kama ni kufa nikafie Arusha. Nilipanga asubuhi nitatoka kama naota jua, nishuke mpaka Sanya Juu nipande gari. Begi nilishafunga nikalisukuma uvunguni. Biblia ilibaki nje kwa sababu mzee alikua anaisubiri, na jioni hiyo tulikua kwenye sura ya 28.

Mimi mwenyewe sikujua sura ya 28 ina nini. Nikaanza kusoma kumbe ni habari za machimbo. Watu wanachimba fedha, wanatoa chuma ardhini, mtu anakwenda mpaka mwisho wa giza kutafuta jiwe. Anachimba shimo mbali na wanakokaa watu, amesahauliwa na wanaopita juu, ananing'inia huku na huku. Nikasikia kitanda cha jirani kinalia, mzee amekaa.

"Rudia hapo pa kuning'inia."

Nikarudia.

"Kwa kamba huyo," akasema. "Anashushwa kwa kamba. Endelea."

Nikaendelea, ardhi juu inatoa chakula na chini yake inapinduliwa kama kwa moto. Akapiga paja. "Baruti!" Nikamwambia mzee enzi hizo baruti haikuepo. Akasema wewe fundi simu unajua nini, chini kunapinduliwa kwa moto, ni nini hicho kama sio baruti. Nikafika penye yakuti samawi, nikamwambia ni jiwe la bluu. Hapo hakungoja hata nimalize, akasema hiyo ni tanzanaiti, na nilivyomwambia tanzanaiti imejulikana juzijuzi tu hapo 1967 akanijibu imejulikana na wazungu. Kisha akanieleza, kwa pumzi zile za kukatika, kwamba jiwe lenyewe likitoka mara nyingi ni la kahawia, halivutii, mpaka lipikwe ndo linakua bluu. Njia ambayo tai haijui na simba hajaipita, akasema kweli, kule chini hata panya hakuna. Wanaziba chemchemi zisivuje, hapo alinyamaza kidogo.

Halafu ndo akanihadithia ya mwaka 2008, mwezi wa tatu, mvua ilivyonyesha usiku maji yakaingia kwenye mashimo, wachimbaji makumi wakafia chini. Hilo nilikua nalijua kwenye taarifa ya habari. Nisilolijua ni kwamba mtoto wake wa kwanza alikua huko. Alikua amemleta yeye mwenyewe toka Kondoa ili asije akakaa kijijini bure. Walivuta maji na pampu wakati yeye amekaa juu na blanketi la kumfungia.

Aliyasema hayo bila kulia. Akauliza, "Fundi, huyo aliyeandika hapo, aliingia shimoni?"

Nikasema sijui mzee.

"Aliingia," akasema. "Mtu hawezi kuyajua hayo kwa kukaa juu. Mi nimechimba miaka yote hii nilikua najua hakuna anayejua tunafanya nini kule chini. Hata watoto wangu hawajui. Kumbe imeandikwa."

Sura inaendelea, baada ya machimbo inauliza bali hekima itapatikana wapi, vilindi vinasema haimo kwetu na bahari inasema haiko kwangu, mzee akasema sasa wameanza mahubiri lakini soma tu. Tulipomaliza nikafunga Biblia nikamwambia mzee kesho huenda nisiwepo. Sijui kwanini nilimwambia. Akaniangalia, nadhani begi alishaliona mda mrefu, akasema, "Zimebaki sura ngapi?"

"14."

"Basi utaondoka baada ya hizo 14. Huwezi kuniacha hapa sijui huyu mtu ameishaje. Na wewe mwenyewe hujui."

Kweli nilikua sijui. Nilikua najua anapona, hilo kila mtu anajua, lakini sikujua anajibiwa nini. Na nilishaachwa na riwaya moja isiyo na mwisho, ya pili ningekua mjinga. Asubuhi sista alivyopita na sindano alinikuta kitandani.

Ningependa kusema usiku ule nilipata amani ya ajabu. Hapana, niliota ndoto mbaya kama kawaida, kile kidonge hakina dini. Lakini asubuhi nilikua na kitu cha kusubiri jioni, na hicho kitu kilikua kimepotea toka niingie mlimani. Sasa hivi mtu akiniuliza tumaini ni nini sina maelezo marefu, kwangu lilikuja kama sura moja kila jioni, na lilikuja kupitia mtu anayelalamika sio mtu anayeshangilia, hata ule mstari wa "Mteteaji wangu yu hai" ambao tunauimba kwa furaha makanisani, ukiusoma mahali pake umezungukwa na malalamiko pande zote.

Tukaenda hivyohivyo. Yule kijana Elihu aliyekuja kuongea sura nzima nzima mzee hakumpenda, alisema anafanana na wale vijana wa ofisini wanaokuja machimboni na viatu visafi. Mungu alipoongea kwenye upepo wa kisulisuli, anauliza habari za mbuni na farasi na tai, mzee alifurahi lakini akasema mbona hajajibu swali. Nikasema na mimi naona hivyo. Tukafika 42.

Pale Mungu anawakasirikia wale rafiki 3 waliokua wanabishana na Ayubu na kuwaambia kwamba wao hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Mzee akaniomba nirudie, nikarudia.

"Kwahiyo hajaadhibiwa?"

"Hajaadhibiwa. Wameambiwa wale wengine watoe sadaka, na Ayubu ndo awaombee."

"Na ule mdomo wote?"

"Ndo ameambiwa amesema sawa."

Akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimshike mgongo. Kisha nikamsomea mali alizorudishiwa, kondoo 14,000, ngamia 6,000, na watoto 10 wengine, wale mabinti wazuri kuliko wote nchini. Hapo akaacha kucheka.

"Na wale wa kwanza?"

Nikaangalia kwenye ukurasa. Hakuna kitu. Nikamwambia hawatajwi mzee.

"Kwetu alirudishiwa watu wake, na wengine mfano wao pamoja nao," akasema. "Hapo kitabu chenu kimenikosa. Ngamia sawa, lakini mtoto halipwi kwa mtoto." Sikumbishia. Nilikua naye upande huohuo, na mpaka leo nikisoma mwisho wa Ayubu pale penye wale watoto napita haraka.

Begi nilikua nimeshalifungua, siku gani sikumbuki, nilihitaji sweta tu nikalitoa na vingine vikafuata. Nikamwambia mzee kitabu kinachofuata ni Zaburi. Akauliza ni nini, nikasema nyimbo. Nyimbo hataki. Nikamwambia basi kuna Yusufu. Akasema huyo anamjua vizuri, ana sura yake nzima kwenye Kurani, lakini nisome tu aone kama tumemharibu, nikafungua Mwanzo 37 nikaanza, ndugu zake wanamvua kanzu wanamtupa shimoni, mzee akanyoosha mkono nisimame, anataka kujua kwanza hilo shimo lilikua la futi ngapi na walimtoa kwa kamba ya aina gani.