Risasi isiyo na risasi: pima urefu kabla ya kulaumu shaba

Kiswahili kinatutega hapa. Risasi ni ile inayotoka mtutuni, na risasi ni yale madini laini ya kijivu ambayo kwa karne nyingi yametumika kuitengeneza. Basi tuelewane: kinachoruka nitakiita kichwa; ganda, fataki (kile kiwashio cha kitakoni), baruti na kichwa vikiwa pamoja nitaviita risasi; na madini nitayaita madini ya risasi. Shaba ninayoizungumzia ni shaba nyekundu. Ile ya njano ni ya ganda.

Kichwa chenye madini ya risasi kikigonga mfupa hutawanya vipande, vingine vidogo kama vumbi, na hubaki kwenye nyama na matumbo. Matumbo yakiachwa porini yanaliwa na tumbusi, na asidi ya tumbo la tumbusi ni kali, inayeyusha madini hayo na sumu inaingia kwenye damu. California, ambako kondori, aina ya tumbusi wakubwa wa huko, walikuwa wakifa kwa sumu hii, ilizuia kabisa vichwa hivi katika uwindaji kuanzia tarehe 1 Julai 2019. Tumbusi tunao hapa Tanzania, Ugalla na kote kwenye misitu yetu ya miombo, na nyama tunakula na watoto. Sababu inatosha.

Ila wenye bunduki za kaliba ndogo, yaani mtutu mwembamba, .222, .223 au .22-250, wanaonunua boksi la risasi za vichwa vya shaba mara nyingi wanarudi na lawama moja: hazina shabaha, zinatawanyika hovyo. Mara nyingi kosa haliko kwenye shaba. Liko kwenye msokoto wa mtutu.

Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.34; ya shaba ina 8.96. Kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule na unene uleule lazima kiwe kirefu zaidi, kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na kile cha kawaida chenye koti la shaba na moyo wa madini ya risasi. Mtoto yeyote aliyezungusha pia, ile ya kuchezea, anajua kinachofuata. Pia fupi nene husimama hata ikizungushwa polepole, ndefu nyembamba huyumba na kulala usipoipa kasi. Kinachozungusha kichwa ni ile mifereji ndani ya mtutu. Msokoto wa 1:14 maana yake kichwa kinazunguka mara moja kwa kila inchi 14 (mm 356). Bunduki nyingi za zamani za .222 na .22-250 zina 1:14, .223 za zamani 1:12, na za siku hizi 1:9, 1:8 au hata 1:7. Namba ikipungua, mzunguko umeongezeka.

Usiamini karatasi ya muuzaji, pima mwenyewe. Hakikisha bunduki haina kitu. Funga kitambaa kilichobana kwenye ufito wa kusafishia, ufito wenye mpini unaozunguka wenyewe. Usukume hadi kitambaa kiingie kwenye mifereji, weka alama kwa kalamu juu ya ufito pale ulipo mdomo wa mtutu, na alama ya pili ubavuni kuelekea juu. Sukuma taratibu hadi alama ya ubavuni izunguke na kurudi juu. Pima ufito ulioingia. Rudia mara tatu, maana kitambaa kikilegea kinateleza na utapata namba ya uongo.

Sasa hesabu. Mwaka 1879 Mwingereza Greenhill alitoa kanuni inayotosha mpaka leo kwa kazi hii. Gawanya urefu wa kichwa kwa kipenyo chake. Gawanya 180 kwa jibu hilo (au 150 kama mwendo hauzidi mita 850 kwa sekunde). Zidisha kwa kipenyo. Hapo una msokoto unaohitajika kwa kichwa cha kawaida. Kwa shaba zidisha tena kwa 0.9, kwa sababu ni nyepesi.

Chukua kichwa cha shaba cha mm 19 kwenye .223, ambacho kipenyo chake ni mm 5.69. 19 kwa 5.69 ni 3.34. 180 kwa 3.34 ni 53.9. Mara 5.69 ni mm 307, mara 0.9 ni mm 276, yaani karibu inchi 11. Mtutu wa 1:12 haukitoshi. Kichwa cha mm 16 kwa hesabu hiyohiyo kinapata mm 328, karibu inchi 13, na mtutu uleule wa 1:12 unakibeba vizuri. Ndiyo maana nasema uzito ulioandikwa kwenye boksi usikutangulie. Tafuta urefu. Viwanda vingi hutoa urefu wa kichwa au huandika msokoto unaohitajika.

Hewa nayo ina neno lake. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na kichwa kinasimama kwa urahisi zaidi. Mtutu ulio mpakani mwa hesabu unaweza kupiga vizuri Sikonge, hukohuko Tabora, na kuyumba Bagamoyo, pwani. Ukiona tundu kwenye karatasi ni refu kama la ufunguo badala ya duara, kichwa kimefika kikiwa ubavu. Usibadilishe darubini, badilisha risasi.

Jambo la pili ni uchafu, na hili watu wanalipuuza kuliko yote. Kichwa cha shaba tupu huacha shaba mtutuni, na kikipita juu ya masalia ya risasi za aina nyingine, makundi ya matundu kwenye karatasi yanavurugika. Kabla ya kujaribu, safisha mpaka chuma chenyewe. Tumia dawa ya kuondoa shaba yenye amonia na brashi ya nailoni. Brashi ya shaba inaliwa na dawa na kitambaa kitatoka bluu hata mtutu ukiwa safi. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, usiilaze dawa humo usiku kucha. Rudia hadi kitambaa kitoke bila bluu wala kijani, kausha, paka mafuta kidogo, yafute kabla ya kupiga.

Kisha piga risasi tatu hadi tano za kuupaka mtutu, usizihesabu. Baada ya hapo makundi mawili ya risasi tano kwa mita 100, ukiegemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga. Mifuko ya pumba za mpunga inabonyea na kitako kinahama. Kundi la risasi tatu linadanganya sana, hata bunduki mbovu huweza kubahatisha. Piga alfajiri. Kiangazi upepo wa Tabora unaamka jua likipanda, na kichwa chepesi husukumwa kirahisi. Risasi zikae kivulini: zikipata joto la gari mgandamizo unapanda na mwendo unabadilika. Mtutu ukikuunguza kiganja, subiri. Nyuma ya shabaha pawe na kingo ya udongo laini. Kichuguu kikavu ni kigumu kama tofali, na kichwa cha shaba hakivunjiki, kinaweza kuparuza na kwenda kwingine, na misitu hii ina warina asali usiowaona. Piga eneo lililoruhusiwa tu.

Wenzetu Marekani hujipakilia risasi wenyewe na kurekebisha kina cha kichwa ndani ya ganda; kwa shaba wengi huanza na nafasi ya inchi 0.05 (mm 1.27) kabla ya mifereji, wakasogeza kidogo kidogo. Wanajua pia kwamba vipimo vya baruti vya kichwa cha madini ya risasi havitumiki kwa shaba, kwa kuwa kirefu kinakula nafasi ndani ya ganda na mgandamizo hupanda. Kwetu sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni, kwa hiyo chetu ni kuchagua: aina mbili au tatu za kiwandani zenye urefu unaolingana na mtutu, kisha karatasi iamue.

Shaba pia inahitaji mwendo ili ifunguke, yaani ipanuke ikiingia kwa mnyama. Vingi vya kufunguka huhitaji mita 550 hadi 600 kwa sekunde. Chini ya hapo hupita kama msumari. Vipo vyenye moyo wa unga wa shaba na bati uliogandamizwa, hivyo husambaratika haraka na ni vya wanyama wadogo kama mbweha. Nguruwe pori anayeharibu mahindi si wa kaliba hii kabisa, na mnyama yeyote wa porini anahitaji kibali. Anza kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Ukishapata aina inayokusanya matundu vizuri, kila mbofyo wa darubini wa robo dakika (dakika hii ni ya pembe, si ya saa) husogeza karibu mm 7 kwa mita 100. Andika namba ya toleo iliyo kwenye boksi. Boksi la toleo jingine hujaribiwa upya kwa risasi tano.