Nimerudilia picha ya arum, juu mama aliona moshi

Wiki mbili hizi niko na picha moja tu kichwani. Ni ua la arum, nililipiga kwa tantini wangu kule Miti, kijiji cha karibu na Bukavu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ule ukungu wa kule unaujua kama umeshapita mapema ile barabara ya kwenda Tshivanga, mlima Kahuzi na mita zake zote 3,308 unakuwa kama haujawahi kuwepo, unaona majani ya karibu, mti mmoja ao miwili ya kaliptusi kule nyuma, halafu kweupe tu.

Niliporudi Bukavu nikaihariri usiku uleule, nikaipenda sana, nikaituma kwa watu. Nilitaka picha nzito, yenye huzuni kidogo, picha yenye kunyamaza. Wa kwanza kujibu alikuwa mama: "Iyi moshi ni ya wapi? Ni nyumba ya nani iliungua?"

Hapa kwetu hilo si swali dogo. Mwenye ameishi Bukavu anazijua zile nyumba za mbao za Kadutu zilivyobanana, mtu akiona moshi upande ule anaanza kupiga simu kwa ndugu mmoja mmoja. Mama aliogopa kweli. Na mimi badala ya kumsikiliza nikaanza kumueleza habari ya sanaa. Inaniuma mpaka sasa, juu yeye alikuwa ameona kitu chenye mimi sikukiona.

Kesho yake nikampelekea yaya mmoja, mkubwa wangu, anapigaka picha za ndoa, ni yeye alinionyesha kamera tangu mwanzo. Akaangalia muda mrefu, akauliza swali moja tu: "Uliihariri saa ngapi?" Nikamwambia saa tano usiku, moto ya umeme ilikuwa imekatika, nyumba yote giza, telefone nimepandisha mwanga wake mpaka mwisho. Akasema njo hapo. Ukiwa gizani na ekrani inawaka vile, kila kitu kinaonekana cheupe kupita kipimo, basi unashusha, unashusha tena, na asubuhi mtu mwingine anaifungua kwenye telefone yake yenye mwanga wa kawaida, anakuta ni usiku.

Halafu akaweka kidole kwenye ile kaliptusi ya nyuma. "Huu mti uko mbali, sivyo? Sasa mbona ni mweusi sawa na bua la ua lenye liko mbele yako?" Hapo nilinyamaza. Ukungu ni matone madogo madogo ya maji yanayotawanya mwanga, na kitu kikiwa mbali matone ya katikati yako na yake yanakuwa mengi zaidi, kwa hiyo kinazidi kufifia, weusi wake unapanda kuwa kijivu na kijivu kinapanda kuwa cheupe. Macho ya mtu yanajua hiyo bila kufundishwa. Mimi nilikuwa nimevuta kontrasti, ile tofauti ya cheusi na cheupe, kwenye picha nzima, mti wa mbali ukawa mweusi kama mkaa, na ukungu wenye una vitu vyeusi namna ile ndani yake si ukungu tena, ni moshi. Mama alisoma vizuri kabisa.

Najua pia kwa nini nilifanya vile. Ua la arum ni jeupe (ile sehemu nyeupe hata si petali, ni jani moja lililojikunja, maua yenyewe ni yale madogo sana kwenye kijiti cha manjano), sasa nyeupe juu ya nyeupe niliogopa itapotea, nikatia giza nyuma ili ua litoke. Na kamera ilikuwa imenisaidia kukosea, juu kamera ikipima kitu cheupe kitupu inakirudisha kwenye kijivu, ilifaa nipandishe mwanga palepale Miti kabla ya kubonyeza. Sikufanya.

Bahati nzuri nilikuwa nimepiga RAW, ile faili ghafi yenye kamera inaweka kila kitu ilichokiona. Nilijaribu kwanza kwenye JPEG, ile picha iliyobanwa yenye nilikuwa nimeshatuma, nikipandisha mwanga ule weupe laini wa nyuma unakatika mistari mistari kama ngazi, juu JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi na mimi nilikuwa nimeshazitumia vibaya. Kwenye RAW nikaanza upya, mchana, karibu na dirisha, mwanga wa ekrani nimeuweka nusu.

Nilipandisha ukungu mpaka ukawa mwanga. Rangi ya mwanga, yenye programu inaipima kwa kelvini, nilikuwa nimeishusha mpaka 3,800 ili ionekane baridi, nikairudisha kwenye 5,500, bluu ikapungua na ule umanjano kidogo wa jua lenye lilikuwa linatafuta njia ukarudi, na mimi nilikuwa nimeshausahau! Kaliptusi nikaiacha ififie. Uzito wote nikauweka kwenye bua na majani mawili ya mbele, hayo ndiyo nilitia giza kwa maski, yaani kuchagua sehemu ile tu, na ndani ya mkunjo wa ua kidogo sana. Ukingo wa ua ulikuwa na umande, matone sita ao saba, yanatosha kabisa kulitenganisha na weupe wa nyuma. Zile kona nilizozungushia giza nikafuta zote.

Rafiki mmoja aliniambia niondoe ukungu wote nitie rangi kali. Nilijaribu, dakika mbili, nikarudisha. Likawa ua la duka, lisilo na asubuhi wala Miti. Hilo shauri nimelikataa na sijutii.

Jumapili nikamuonyesha mama toleo jipya bila kusema kitu. Akalisogeza karibu na macho. "Ni arum za tantini wako. Kulikuwa baridi?"

Kulikuwa baridi sana mama, vidole vilikuwa havisikii.

Anataka ya kutundika sebuleni. Niliitoa kwenye karatasi, ikatoka na giza kidogo kuliko ekrani, juu karatasi haiwaki yenyewe. Nitaipandisha tena kidogo, Jumamosi niitoe upya.