Nilivyozitafuta picha za waya wa Mkumbara

Nimekulia Mkumbara, kituo kidogo kwenye reli ya Tanga, kati ya Mazinde na Mkomazi. Ukisimama kituoni ukageukia mlimani, Usambara imesimama mbele yako kama ukuta, na huko juu, usikokuona, ndiko Shume. Utotoni niliwasikia watu wazima wakisema zamani magogo yalishuka kutoka Shume kwa waya, yanapita angani mpaka relini. Mimi niliyaweka fungu moja na hadithi za sungura na fisi.

Mwaka 2021 babu yangu alifariki. Alikuwa mpasua mbao, na katika vitu vyake nilipewa msumeno wa kuvuta wa watu wawili, mpini mmoja umekwisha hadi kuwa mwembamba kama kidole. Niliutundika ukutani, na kila nikiupita najiuliza: mbao zote zile alizopasua, na alizopasua baba yake kabla yake, zilishukaje? Nikaanza kutafuta picha.

Miezi miwili ya mwanzo sikupata kitu, kwa sababu nilikuwa nikiandika majina ya leo. Andika Lushoto, andika Shume, zinakuja picha za watalii na mashamba ya kabichi. Siku nilipoelewa kwamba aliyepiga picha zile aliita mahali kwa majina yake mwenyewe, mambo yalifunguka. Lushoto iliitwa Wilhelmstal. Kule Shume, Wajerumani walipaita Neu-Hornow. Hata majina yetu waliyoyaacha waliyaandika kwa masikio yao: Vuga ni Wuga, Mazinde ni Masinde. Kisha nikajifunza maneno machache ya kazi: Seilbahn ni njia ya waya, Sägewerk ni somili, Zeder ni mwangati, Usambarabahn ni reli yetu. Anayetaka kutafuta picha za kwao za enzi ya Mjerumani aanzie hapo, kwenye majina. Mimi nilitengeneza daftari la kurasa mbili, na bado naliongeza.

Hazina ziko mbili, zote unazifikia kwa simu. Ya kwanza ipo Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, inayotunza makumi ya maelfu ya picha zilizokuwa za Deutsche Kolonialgesellschaft, chama kilichoanzishwa 1887 kuwahimiza Wajerumani waunge mkono makoloni. Nyingi ni picha zilizo kwenye mabamba ya kioo, zilizotengenezwa ili zimulikwe ukutani wakati wa mihadhara. Lazima ulikumbuke hilo unapozitazama: mpigaji alitaka mtu wa Ujerumani aone mali, aone mashine, atamani. Ya pili ni ya Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Ujerumani. Desemba 2008 waliweka picha zaidi ya 80,000 kwenye Wikimedia Commons, ghala la picha huru mtandaoni, na humo zimo za Walther Dobbertin, aliyekuwa mpiga picha hapa kwetu hadi wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Leseni inakuruhusu kuzitumia, mradi utaje zilikotoka.

Usiku nilipoiona ile njia ya waya kwa mara ya kwanza niliamka nikawasha taa, nikamwita mke wangu. Nguzo za chuma zimepanda mlimani, na gogo zima limening'inia kwa minyororo chini ya magurudumu yanayokimbia juu ya waya. Chini yake ni bonde tupu. Kumbe haikuwa hadithi. Kampuni ya Wilkins & Wiese ndiyo iliyovuna mwangati wa Shume, mti ambao ulaya waliutaka sana kwa kutengenezea kalamu za risasi, na njia yenyewe ilijengwa na kampuni ya Adolf Bleichert ya Leipzig. Urefu karibu kilomita 9, na kutoka juu hadi Mkumbara gogo lilishuka kwa kimo cha takriban mita 1,500. Nimepanda mlima ule kwa miguu mara nyingi, magoti yangu yanaujua.

Kazi ya kujua picha ni ya mwaka gani ilinipa raha kuliko nilivyotarajia. Picha nyingi za Dobbertin zimeandikiwa miaka kwa jumla tu, mathalani 1906 hadi 1918, na hilo halikusaidii. Lakini reli yenyewe ni kalenda. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, ikaingia Mombo mwaka 1904 ikielekea 1905, ikakaa hapo. Buiko ilifika 1909, Moshi 1911. Kwa hiyo picha yoyote inayoonyesha behewa upande huu wa Mombo haiwezi kuwa ya 1906, hata ikiandikwa nini chini yake. Halafu kuza picha utazame chini ya reli: mataruma ni ya chuma. Mti ulikuwa umejaa mlimani, lakini reli iliwekewa chuma kwa kuogopa mchwa, na miti ikapelekwa baharini.

Palipo na shida ni kutambua mahali. Nilikuwa na picha moja niliyoitoa kwenye kurasa za watu, haina namba wala chanzo, inaonyesha tambarare, reli na safu ya milima nyuma. Nilikuwa na hakika ni Mkumbara. Njia yangu ni hii: nachukua kava la plastiki, lile angavu la kufungia ripoti, naliweka juu ya picha iliyochapwa, nachora mstari wa vilele kwa kalamu ya wino mzito. Kisha nakwenda uwandani, nanyoosha mkono na plastiki usawa wa macho, nasogea mbele na nyuma mpaka mstari ukae juu ya mlima. Ukikaa, umesimama aliposimama mpiga picha. Siku mbili nilizunguka na jua la Mkumbara kichwani, mstari haukukaa popote. Nikakata tamaa, nikaandika kwenye daftari kwamba si kwetu.

Jumapili moja nikazichukua picha zangu nikampelekea mzee mmoja wa hapo kijijini, amezaliwa miaka ya thelathini. Nilikuwa nimezichapa steshenari kwa karatasi ya A3, kwa sababu macho yake yana ukungu na picha ndogo haimfai. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Akaishika ile ya tambarare, akaisogeza puani, akaiweka mbali.

"Mjukuu wangu, mlima huu mmeugeuza."

"Kivipi babu?"

"Hiki kichwa chake kinatazama Mazinde. Hapa mmekipeleka Mkomazi."

Nilitoa ile plastiki kwenye mkoba, nikaipindua upande wa pili. Tukatoka naye nje, nikamshika mkono mpaka nyuma ya nyumba, nikainyoosha. Mstari ukakaa. Picha ilikuwa imegeuzwa, kushoto imekuwa kulia, kama mtu anayejitazama kwenye kioo, na ni rahisi kutokea kwa picha iliyotoka kwenye bamba la kioo: ukililaza kwa upande usio wake, nchi yote inageuka. Tangu siku hiyo sichukui picha isiyo na namba ya hifadhi yake. Na sipangi mahali pa picha yoyote kabla ya kuipeleka kwa watu wanaoamka kila siku wakiutazama ule mlima.

Tuliporudi kukaa, nikampa ile ya gogo angani. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema baba yake alifanya kazi kwenye waya.

Maelezo ya Kijerumani chini ya picha zile yanataja kampuni, yanataja mashine, yanataja aina ya mti. Watu waliosimama pembeni ni wafanyakazi tu, na mara nyingine hawatajwi kabisa. Lakini mimi nilishasoma kwamba kuanzia 1907, katika wilaya hii ya Wilhelmstal, kila mwanamume mzima alipewa kadi ya kazi: ndani ya miezi minne afanye siku 30 kwa mzungu, la sivyo apelekwe kazi za serikali. Nilipoitaja kadi, mzee akaitikia kwa kichwa kabla sijamaliza. Baba yake alimwambia walivyokuwa wakiitazama ile kadi jioni, kuhesabu siku zilizobaki, wakati mahindi yao yanamalizwa na nguruwe shambani. Kwa hiyo sasa nikiutazama ule waya, na ni kazi ya ufundi wa ajabu, sikatai, naona pia siku 30 za mtu aliyetaka kuwa shambani kwake.

Nilimwomba anitajie aliowasikia. Alitaja baba yake na wanaume wengine wanne, kwa majina na koo zao, na wawili kati yao nina uhakika nimesoma na vitukuu wao. Nilitamani kuyaweka majina yale chini ya sura zilizomo pichani. Sikuweka. Hakuna ajuaye kama yeyote kati yao alikuwepo siku ile mpiga picha aliposimamisha kamera, na mtu asiyemjua marehemu kwa sura yake ni heri asimwite. Nikageuza picha, nikaandika nyuma: waliofanya kazi kwenye waya wa Mkumbara, kwa kauli ya mtoto wa mmoja wao, na tarehe ya siku hiyo, kisha majina matano.

Sikuwa na wino wakati ule, nilikuwa na kalamu ya risasi. Mzee aliniomba nakala. Nimeichapa, nimeitia plastiki isiharibiwe na mvua, na ameiweka ukutani juu ya redio, majina yakiwa mbele na picha nyuma. Mwenyewe ndiye aliyetaka ikae hivyo.