Nanasi lilinifunza adabu: glasi ya yogati, granola na matunda

Juzi nimeketi kwenye mkahawa mmoja hapa Nakuru mjini nikajifanya mtu wa maana, nikaagiza ile glasi ya mistari mistari, yogati, granola (oti na njugu zilizokaangwa na asali zikakauka), matunda, tena yogati. Mia tatu hamsini. Ikaja inapendeza macho kweli lakini kuchota kijiko cha kwanza tu, granola imelowa chepechepe kama mkate ulioanguka kwenye chai. Nimekula kwa hasira, nimelipa, nimeenda nyumbani nikajiambia hii kitu nitaipika mwenyewe na jirani watasikia harufu.

Sasa wacha niwaambie, kazi yenyewe si kubwa, ila ina mitego yake na mimi nimenaswa na yote.

Tuanze na yogati. Unaweza kununua, hakuna mtu atakushtaki, lakini maziwa ya ATM (ile mashine ya kuuzia maziwa) lita moja yanakutolea nyingi zaidi na hayana ile sukari ya kupitiliza. Unachemsha maziwa mpaka yaanze kupanda, unapunguza moto unayaacha hapo dakika kumi hivi ukikoroga. Usiruke hii hatua ukidhani ni ya kuua vijidudu tu, kwa sababu ule moto ndio unabadilisha protini za maziwa ndio baadaye yashikane vizuri, ukiruka utapata kitu cha kunywa si cha kuchota. Halafu unayaacha yapoe mpaka uweze kutumbukiza kidole kidogo (kilichooshwa jamani) na uhesabu hadi kumi bila kulia. Hapo ni kama digrii 43 hadi 45. Yakiwa moto zaidi unaua wale bakteria, yakiwa baridi wanalala. Unatia vijiko viwili vya yogati isiyo na ladha, ile iliyoandikwa ina bakteria hai, unakoroga taratibu, unafunika.

Hapa ndipo Nakuru ilinishinda mara ya kwanza. Nimelelewa Kisumu mimi, kule unaacha sufuria mezani, unaenda kazi zako, ukirudi jioni imeganda yenyewe, lile joto la ziwani linafanya kazi yote bure. Huku tuko juu, karibu mita 1,850, usiku unalala na soksi, nikaacha sufuria kaunta vile nimezoea na asubuhi nikapata maziwa yaleyale niliyoyaacha, yamenuna tu. Siku hizi naweka kwenye hotpoti ya chapati, nafunga, nazungushia blanketi la mtoto, masaa nane. Inatoka imeshikana mpaka ukiinamisha hotpoti haitikisiki.

Nikamwonjesha Kogo, yaani bibi wa Kikalenjin wa mlango wa pili, mwenye mursik yake (maziwa ya kugandisha ya Wakalenjin) ya kwenye sotet, kile kibuyu anachokisugua na mkaa wa mti wa senetwet. Akaonja, akatafakari, akasema ni nzuri lakini ni ya watoto. Sawa Kogo.

Ukitaka nzito zaidi, na kwa glasi ya mistari unaitaka nzito, mwaga kwenye kitambaa safi juu ya chujio, weka friji masaa matatu. Yale maji ya rangi ya kijanikijani yanayochuruzika usimwage, kanda nayo chapati.

Granola nayo sina oveni, niko na meko tu, na imetosha. Oti vikombe viwili (zile kubwa, si zile za uji wa haraka zinageuka unga), njugu karanga nusu kikombe zimepondwa kidogo, simsim kiganja kimoja. Kaanga kavu kwenye sufuria nzito, moto mdogo kabisa, na usiondoke. Nasema usiondoke. Mimi nilienda kujibu meseji moja, moja tu, nikarudi simsim nyeusi. Oti zikianza kunukia kama biskuti ndio unatia asali vijiko vitatu na mafuta viwili na chumvi kidogo, unageuza dakika tano tena, unatandaza kwenye sinia. Itakuwa laini na utadhani umeharibu. Subiri ipoe, ndio inakakamaa, na ikipoa kabisa ndio unaweka kwenye mkebe, ukiifunika ikiwa na joto inatoa jasho na kazi yako yote imeenda.

Kumbe hata hii habari ya kulowa ni ya zamani. Daktari mmoja wa Marekani, James Caleb Jackson, alitengeneza mwaka 1863 kitu alichokiita granula, unga wa ngano uliookwa, ukavunjwavunjwa, ukaokwa tena, mgumu mpaka ulilazwa kwenye maziwa usiku kucha ndio ulike. Baadaye John Harvey Kellogg naye akatengeneza yake akaiita jina lilelile, halafu ili kuepuka matata ya kisheria na Jackson akabadilisha ikawa granola. Kwa hivyo pengine ule mkahawa ulikuwa unaheshimu historia. Bado nataka mia tatu hamsini zangu.

Sasa nanasi. Dadangu mdogo alikuja kunitembelea na alikuwa anarudi Kisumu na matatu ya alfajiri, nikaona nimfanyie mambo. Usiku nikapanga glasi tatu: yogati, nanasi tamu la kukatwa bila kupikwa, yogati, nanasi tena. Friji. Asubuhi natoa, yogati imekuwa maji maji, imejitenga, na dadangu kuonja tu akaweka kijiko chini polepole.

"Dada, umetia kwinini?"

Nikaonja. Chungu! Nikadhani nanasi lilikuwa bovu, kumbe nanasi ambalo halijapikwa lina kimeng'enya kinachokata protini, ndicho kilekile watu hulainishia nyama nacho, sasa ukikilaza na yogati usiku mzima kinaila. Papai nalo lina tabia hiyohiyo. Ukila hapo hapo hakuna shida, hakipati nafasi. Ama ulipike nanasi dakika chache na kijiko cha sukari, moto unakiua, hapo hata ukilaza siku mbili ni sawa. Embe halina hiyo maneno, stroberi pia, pashoni namiminia juu na mbegu zake. Ndizi kata wakati wa kula tu, inageuka kahawia na kukutia aibu.

Kwa hivyo mpango wangu sasa: usiku naweka yogati na embe kwenye chupa ya jemu iliyoisha, yogati chini, embe, yogati, nafunika. Granola inakaa mkebeni mwake na inaingia juu wakati kijiko kiko mkononi, si dakika moja kabla.

Dadangu nilimfungia ya kwenda nayo ili nisafishe jina, chupa ya yogati na embe, na granola pembeni kwenye kakaratasi. Amenipigia njiani, yogati bado haijafunguliwa lakini granola ameimaliza yote ikiwa kavu, na hata Mau Summit, ambayo si mbali sana na hapa, hawajafika.